Mdogo Wangu na Mabuti Yake Meupe

Nimeosha maiti za wanawake wa Ujiji tangu nikiwa bibi harusi mpya. Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha. Tulijifunga khanga puani, tukachoma ubani mlangoni, tukazungushia mikono vitambaa, basi. Maiti iliyokaa tuliiongezea karafuu maiti na marashi. Harufu haikwisha, ilichanganyika tu na manukato, na ikarudi nami nyumbani. Kwa siku mbili tatu mume wangu alilala sebuleni. Msibani wanawake walinishukuru, kisha wakasogeza miguu yao nilipokuja kukaa.

Mdogo wangu, wa tumbo moja, nilimfundisha mwenyewe. Baadaye akapata kazi chumba cha maiti hospitalini, akapelekwa mafunzo, akarudi na begi lililojaa vifaa. Tangu hapo watu wakaanza kumuulizia yeye.

Kilichoniuma zaidi kilitokea mwaka juzi. Mama mmoja muuza dagaa alizama ziwani, akapatikana siku ya tatu. Nilifika kwao asubuhi na chetezo changu. Binti wa marehemu akanipokea kwa heshima zote.

"Shikamoo mama. Yule mdogo wako anakuja?"

"Marahaba. Mimi si nimeshafika?"

Akatazama chini. "Tulimpigia simu, mama. Kwa hali aliyonayo marehemu."

Mdogo wangu akaja na bodaboda. Akavaa mbele ya watu wote, bila haraka: gauni jeupe, aproni ya plastiki, barakoa, miwani, glavu juu ya glavu, mabuti meupe ya mpira. Wanawake wakamtazama kama wanavyomtazama bibi harusi. Akanitolea seti nyingine. "Dada, na wewe vaa hizi."

"Nimeosha watu kabla hujaota meno," nikamwambia, nikaingia na khanga yangu.

Ile harufu ilinipiga nikashika ukuta. Ubani wangu uliizidisha. Machozi yakinitoka, nikanyoosha mkono kumshika marehemu begani, na mdogo wangu akauona ule mkono. Kidole kilikuwa na jeraha. Jana yake nilikuwa nimekatwa na samaki, mgebuka, nikimpaa.

"Dada, una kidonda. Toka."

"Kidogo tu hiki."

"Toka nje, dada!"

Sauti ilipita dirishani. Nikatoka, watu wote wamesikia. Nilikaa uani nikisikiliza maji yakimwagika. Sikumwombea marehemu hata neno moja. Naona aibu kuandika hivi, lakini niliomba mdogo wangu ashindwe: atapike, azimie, aniite.

Hakuniita. Alitoka, akavua kimoja baada ya kingine, glavu za juu kwanza, akanawa kwa maji ya klorini. Hakunuka chochote. Wanawake wakamfanyia nafasi katikati ya mkeka, mmoja akamwegemea bega. Miaka yote ile, mimi hakuna aliyewahi kuniegemea.

Sikuongea naye karibu mwezi mzima. Ni yeye aliyekuja, akaukagua mkono wangu kwanza ndipo akakaa. Akaacha seti moja kitandani kwangu. Alipoondoka nilifunga mlango, nikaivaa, nikajitazama kwenye kioo. Ilinipendeza, na hilo nalo likanikera.

Safari iliyofuata tuliitwa pamoja kwenye msiba kule Mwandiga. Mdogo wangu aliosha, mimi nilimimina maji. Jasho lilinitiririka ndani ya plastiki, lakini pumzi niliivuta bila shida. Tulipomaliza, bibi mmoja wa pale akauliza kati yetu nani fundi.

"Huyu," mdogo wangu akajibu, akinigusa mgongoni. "Yeye ndiye aliyenifundisha."

Alisema kweli, na alisema kwa upendo. Nikatabasamu. Moyoni nikawaza kuwa ni rahisi kwake kunisifu sasa, na sijui kama wazo hilo limeshanitoka hadi leo.