Maziwa Aliyokunywa Chimala

Kazi yangu pale kliniki ya mifugo ilikuwa kuhesabu pumzi. Daktari akikata na kushona, mimi nakaa upande wa kichwa cha mbwa, vidole kwenye mshipa wa paja, macho kwenye fizi. Fizi zikiwa na rangi ya waridi, shwari. Zikianza kupauka, nasema. Tatizo langu lilikuwa hapo kwenye kusema.

Daktari wetu alikuwa na mikono mizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, na mdomo mchafu. Watu wa Mbeya walimvumilia kwa ajili ya mikono. Asubuhi moja alianza na mzee mmoja, mkulima wa viazi kutoka Uyole, aliyeleta mbwa wake ahasiwe. Mzee akakiri kwamba wajukuu walimpa mbwa kiporo cha ugali alfajiri.

"Nilikwambia kwenye simu asile kitu," daktari akamwambia mbele ya benchi zima. "Hayo masikio ni ya kusikilizia au umebandikwa tu? Mtoe humu."

Mzee akamfunga mbwa wake kamba, akatoka bila kuaga.

Kuhusu mbwa, daktari alikuwa sahihi. Dawa ya usingizi inalegeza koo. Kilichomo tumboni kikipanda, kinaingia kwenye mapafu, na mnyama aliyelala hawezi kukohoa.

Aliyefuata kwenye benchi alikuwa mama mjane kutoka Rujewa. Familia yake ilihamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na Kiswahili chake bado kilikuwa na Kisukuma ndani yake. Alikuja juu ya Fuso la mpunga akiwa amempakata jike la mbwa la rangi ya kahawia, lenye uvimbe kwenye titi unaolingana na ngumi. "Huyu ndiye analala na ndama wangu," alinieleza. "Fisi wanamjua."

"Amekula?" daktari akauliza, bila kumtazama.

Mama alikuwa ameshuhudia yale ya mzee wa Uyole. "Hajala," akajibu haraka.

Nikambeba yule mbwa hadi mezani. Alipogeuza kichwa, pua yake ikagusa shavu langu, na nikasikia harufu ya maziwa. Kwenye ndevu za kidevu chake palikuwa na utando mweupe uliokauka. Nikamtazama daktari, alikuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Wiki moja kabla nilikuwa nimemkumbusha kumpima mbwa uzito kwanza, akanilazimisha nimwombe radhi mbele ya wanafunzi waliokuja mazoezini. Nikanyamaza. Nikajiambia pengine ni maziwa ya jana.

Sindano ikaingia. Miguu ikalegea, ulimi ukatoka nje. Tulikuwa bado hatujampitisha mrija wa kupumulia pale tumbo lilipojikunja, maziwa yakaja puani na mdomoni, meupe, na mabonge ya ugali. Nikamwinamisha kichwa, daktari akaingiza vidole kooni kukomba. Kifua kikawa kinavuta na hakipati. Fizi zikawa kama jivu. Usingizi ulikuwa haujakolea, akawa anatupa miguu, na mimi namkandamiza. Hatukuwa na mashine ya kunyonya uchafu. Alichukua muda mrefu kufa.

Daktari akanawa mikono, akatoka nje, nami nikamfuata.

"Mama, umemuua mbwa wako mwenyewe. Umemlisha, halafu ukaja kunidanganya mimi."

"Nilimpa kidogo tu, tulipofika Chimala," mama akasema. "Alikuwa analia njiani."

"Basi kazike."

Watu wa benchi wakatazama miguu yao. Mama akaingia, akampangusa mbwa pua kwa ncha ya kitenge chake, polepole, kama anayefuta kamasi za mtoto. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wewe ulikuwa naye. Aliteseka?"

"Hapana, mama. Alikuwa amelala."

Siku chache baadaye nilipata ujasiri wa kumwambia daktari kwamba mimi nilikuwa nimesikia harufu ya maziwa kabla ya sindano.

"Hata mimi," akasema. "Unadhani sina pua? Ningemrudisha Rujewa asingekuja tena, na ule uvimbe ungepasuka. Nimeshalaza wengi walioshiba, wakaamka."

"Mbona ulimwambia yeye ndiye aliyemuua?"

"Kwani aliyemlisha nani?"

Nilibaki pale miezi minane mingine. Kila asubuhi nilimsalimia kwa heshima zote.

Sasa niko Iringa, nina chumba changu cha kutibia karibu na soko. Siulizi mtu kama mbwa amekula. Nauliza, "Leo amekula nini, na saa ngapi?", kama vile kila mbwa duniani hula asubuhi. Watu hujibu. Waliokula hurudi kesho, na nimewahi kuwapa mbwa na mwenyewe pa kulala uani kwangu ili wasisafiri mara mbili.

Mwaka jana nilikwenda Rujewa kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Nikaulizia, nikaelekezwa kwa yule mama. Nilimkuta zizini. Hakunikumbuka mpaka nilipotaja kliniki, ndipo akaweka ndoo chini.

Nikamweleza yote. Kwamba daktari alijua, na mimi nilijua, kabla ya sindano.

"Wanangu wananiita muua mbwa," akasema. "Wameniita hivyo mbele ya wakwe zangu. Mbwa waliopo hapa wanalishwa na mkwe wangu, mimi sithubutu."

"Nisamehe, mama."

"Uliniambia hakuteseka. Na hilo?"

Nilitaka kudanganya tena. Ningeweza. "Aliteseka," nikasema.

Hakulia, wala hakunifukuza. Aliita mbwa wake watatu mmoja mmoja, akawashika kwa nguvu shingoni nikiwachoma sindano, na alipomwachia wa tatu akachukua ndoo yake akarudi kwa ng'ombe. Nilifunga boksi langu la chanjo. Mkwe wake ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani.