Barua kwa Mpiga Chapa

Mtaani walimwita Bi Taipu, na jina likamganda hata mashine yake ya taipu ilipokwisha kufa. Ujana wake wote uliishia katika chumba kimoja juu ya duka la viatu, akipiga chapa mikataba ya watu, maombi ya kazi na risala za harusi za wenzake. Yeye hakuolewa. Waliomposa walimkuta akimuuguza mama yake, wakangoja, wakachoka, na mama alipozikwa wao walishakuwa na wajukuu.

Mteja mmoja alikuwa mwalimu mrefu, mpole, mwenye mwandiko wa kuku. Alileta riwaya yake kurasa chache chache, na Bi Taipu hakuwa mtu wa kumeza neno.

"Mwalimu, huyu mama uliyemuua sura ya tatu, mbona sura ya tano anapika?"

Mwalimu alicheka mpaka akatafuta kiti.

Kitabu kilipotoka, wakubwa hawakukipenda. Mwalimu akaondoka nchini na begi moja, na huko ughaibuni jina lake likavuma kuliko lilivyowahi kuvuma kwao. Mwaka wa pili ikaja barua, ina sahihi yake kwa wino wa buluu. "Bibie," aliandika, "huku napiga chapa mwenyewe, kwa vidole viwili. Nikikosea hakuna wa kunisuta. Jumapili nafungua dirisha nisikie watu tu."

Bi Taipu alimjibu, akamwandikia tena. Kimya. Labda alikuwa amehama, labda barua zilifunguliwa njiani. Bi Taipu akaitia barua yake kwenye fremu, akaitundika juu ya kitanda. Siku zilizopita bila mtu kumtembelea, na zilikuwa nyingi, aliisoma kwa sauti ili chumba kisikie binadamu.

Mwalimu akafia huko huko. Miaka ikapita, na mhifadhi wa jumba la makumbusho akapata habari za barua, akaja kuiomba.

"Hapa unaiona peke yako, bibi. Kule itaonwa na watu wote."

"Si niliandikiwa peke yangu?" alisema Bi Taipu. Lakini aliitoa. Alijua siku akifa, mwenye nyumba angeitupa pamoja na godoro.

Maonyesho yalipofunguliwa alivaa gauni lake la heshima, akaenda. Barua ilikuwa chini ya kioo, na kando yake kadi: *Kwa mwanamke asiyejulikana, yaelekea alikuwa mpenzi wake.* Mabinti wawili walikuwa wakiisoma.

"Maskini," alisema mmoja. "Sijui alikuja kumwoa?"

"Hakumwoa," alisema Bi Taipu.

"Umejuaje, bibi?"

"Ndiye mimi."

Wakatazamana. Wakamtabasamia kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mzee anayesahau mambo, wakasogea ukumbi wa pili.

Alimtafuta mhifadhi mpaka ofisini. Mhifadhi akaona haya. Kadi ziliandikwa na mtu mwingine ambaye hakuuliza.

"Nisamehe, bibi. Nitaibadilisha mwenyewe. Tuandike nani? Rafiki yake?"

Tangu mwalimu aondoke, hakuna aliyewahi kumuuliza Bi Taipu yule alikuwa nani kwake, naye hakuthubutu kujiuliza. Palikuwa na vicheko vile, na kiti kile, na jioni ambazo kurasa zilikwisha na mwalimu haondoki. Lakini mwalimu hakusema neno, naye hakusema.

"Andika mpiga chapa wake," alisema hatimaye. "Na jina langu uliandike lote."

Wiki iliyofuata alirudi kuhakikisha. Kadi mpya ilikuwepo, na jina lilikuwa sahihi, herufi kwa herufi. Mvua ilikuwa inanyesha na ukumbi mzima hapakuwa na mgeni mwingine. Alisimama pale akilisoma mpaka mlinzi akaja na funguo.

"Tunafunga, bibi. Una mtu wa kukurudisha nyumbani?"

"Sina, mwanangu. Nitakwenda polepole."

Mlinzi akamfungulia mlango, akamshikia mpaka akavuka kizingiti.