Sura ya Mama Niliyoisiriba

Ipo siku moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo haijanitoka. Hata leo nikisikia harufu ya udongo mbichi uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, siku hiyo hunirudia yote. Nilifanya jambo kwa woga. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na wadogo zangu watatu walikuwa wananitazama mimi kwa kila kitu.

Baba alitangulia, mama akamfuata baada ya misimu miwili ya pamba. Mimi nikaacha shule kidato cha kwanza, nikashika jembe hapa hapa kijijini Dutwa. Anayenifuata, Minza, nilimsukuma aendelee na masomo, maana alikuwa na kichwa chepesi, na tena alijua kuchora. Alichora kwa mkaa, majivu, udongo wa kichuguu na bluu ya kufulia nguo, juu ya maboksi ya biskuti aliyoyapasua na kuyanyoosha.

Kilichomkoleza ni kitabu. Mwalimu Ngassa, mstaafu aliyekuwa anatengeneza baiskeli karibu na stendi, alikuwa na kitabu kikubwa cha picha za wachoraji wa Ulaya. Kilianzia kipindi kinachoitwa Rokoko, miaka ya wafalme na mabibi wa magauni mapana, kikaishia mwanzoni mwa karne iliyopita. Kila Jumamosi Minza alikwenda kukisoma pale kwenye karakana. Hakuruka ukurasa. Alichokiona huko alikuja kukijaribu nyumbani, kwa sura zetu sisi.

Mwanzo nilifurahi. Alichora wanawake wa gulioni wamekaa kwenye bembea, khanga zimejaa upepo, mawingu ya rangi ya waridi nyuma yao. Majirani walicheka wakataka nao wachorwe. Baadaye picha zikabadilika. Zikawa za watu waliosimama wima kama wanaapa. Kisha zikaja za dhoruba, shamba la pamba limelala chini na mbingu imepasuka. Kisha akanichora mimi navuna, na nyufa za visigino vyangu zote akaziweka. Niliona aibu, nikamwambia afunike miguu. Akasema, "Dada, hiyo miguu ndiyo imenilipia ada."

Hayo yote niliyavumilia. Lakini kulikuwa na kurasa za mwisho.

Siku moja nilirudi kutoka shambani nikakuta amemchora mama kwenye ukuta wa mbele, unaotazama njia ya kisimani. Nimesema mama, lakini nilichukua muda kumtambua. Uso ulikuwa umekatwa vipande vipande, kama chungu kilichoanguka halafu kikaungwa na mtu mwenye haraka. Pua ilitazama kushoto, mdomo ukatazama mbele. Jicho moja lilikuwa mahali pake, la pili lilikuwa shavuni, na yote mawili aliyapaka udongo mwekundu.

Mwanangu, wewe umezaliwa juzi, labda hujui jicho jekundu lilikuwa na maana gani huku kwetu. Wanawake waliopikia kinyesi cha ng'ombe miaka mingi macho yao yaliwiva kwa moshi, na kuna waliosingiziwa uchawi kwa sababu hiyo tu. Wengine hawakufa kwa ugonjwa. Mama yetu naye macho yake yalikuwa mekundu. Alipokuwa hai tuliliogopa jambo hilo bila kulisema.

Wiki ile ile mtoto wa jirani yetu, Mama Holo, alishikwa na degedege baada ya kupita mbele ya nyumba yetu. Wanawake wakaanza kuzunguka kwenda kisimani kwa njia ya nyuma. Nikiwasalimia "Mwadila," walijibu huku wanatazama chini. Dukani watu walinipisha nilipoingia, nami nikajua kwamba hawakunipisha kwa heshima. Halafu asubuhi moja nikakuta kikaratasi mlangoni kimekandamizwa na jiwe. Kiliandikwa kwa mkono mzuri, mkono wa mtu aliyesoma: "Futeni hicho kitu, la sivyo mtafutwa ninyi."

Nilikificha kwenye pindo la khanga. Sikumwonyesha Minza. Nilimwonyesha baba mdogo, naye akakisoma mara mbili.

"Kabula, mimi picha siiogopi," alisema. "Nawaogopa wanaoiogopa. Na huyo mtoto kama ana kitu kichwani, tumpeleke kwa mfumu amwangalie mapema."

Mfumu ni mganga wetu wa jadi. Nilimwona akilini mwangu Minza amekalishwa chini, ananyweshwa dawa mbele ya watu, na kuanzia siku hiyo anaitwa jina ambalo halifutiki. Nikamwambia baba mdogo asubiri, nitalimaliza mwenyewe.

Wadogo zangu walipokwenda shule, nilichota maji, nikakanyaga udongo na kinyesi, nikasiriba ule ukuta kuanzia chini. Nilianza na shingo. Nilipofika machoni nilifumba ya kwangu, nikaendelea kwa kupapasa. Mama hakuwahi kupigwa picha, mwanangu. Hatukuwa na sura yake nyingine popote.

Minza alirudi saa tisa. Alisimama mbele ya ukuta ambao ulikuwa bado unatoa maji. Hakulia, wala hakunitukana. Aliweka mkoba wa shule chini taratibu, akaniuliza, "Ungeniambia, ungepungukiwa nini?" Kisha akageuka, akaondoka.

Sijawahi kuogopa kama saa ile. Kile kikaratasi kilikuwa bado kwenye khanga yangu, na aliyekiandika sikumjua. Nikatoka kumtafuta Minza. Kila mtu niliyekutana naye njiani nilimtazama mikono, nikijiuliza kama ndiyo iliyoandika. Nilipita kisimani, hayupo. Nilipita gulioni, hayupo. Miguu ikanipeleka kwa Mwalimu Ngassa.

Minza alikuwepo, ameketi nyuma ya karakana na mgongo ameupa mlango. Mwalimu alikuwa ameshikilia mnyororo wa baiskeli, mikono myeusi hadi viwikoni. Hakuniuliza habari za nyumbani. Alinionyesha kitabu kwa kidevu.

"Fungua wewe. Mikono yangu ina grisi."

Nikafunua. Nilimwambia sijasoma vya kutosha, akasema macho ninayo. Ikawa nafunua mimi, na yeye anaeleza bila kugusa. Hawa wa Rokoko, alisema, walichora raha ya wenye nyumba kubwa, na waliofuata wakaona hiyo ni aibu, wakachora watu wakavu wenye wajibu. Wengine wakachoka na ukavu huo, wakachora dhoruba na vilio. Wakaja wa uhalisia wakachora wavunja mawe na wakulima, na watu wakubwa wakakasirika, wakauliza nani anataka kuona miguu michafu. Hapo nilivikumbuka visigino vyangu. Kisha wale waliotoka nje kufukuza mwanga wa jua. Walichekwa, wakanyimwa nafasi kwenye maonyesho makubwa, na hata jina walilopewa lilianza kama kejeli.

"Kila kundi lililokuja liliwatisha waliokuwepo," alisema. "Endelea."

Nikafika kwenye nyuso zilizovunjwa. Nilitaka kuufunga ule ukurasa.

"Hawa walikuwa wanaangalia nini, unajua? Vinyago. Vinyago vilivyochukuliwa huku huku Afrika. Sasa niambie, wewe ukimkumbuka mama yako, unamwona kwa upande mmoja tu, kama kwenye kitambulisho?"

Nikakumbuka. Nilimwona akipuliza moto, kutoka ubavuni. Nilimwona akinifunga kilemba, uso wake juu ya wangu, karibu sana. Nilimwona kitandani siku ya mwisho, kichwa kimelala. Yote yalikuja kwa pamoja, na yote yalikuwa mama. Ndicho alichokichora Minza, na mimi nilikuwa nimekifunika kwa mikono yangu.

Nikatoa kile kikaratasi, nikakiweka juu ya kitabu. Mwalimu alikisoma, mnyororo ukamtoka mkononi.

"Kuogopa hukukosea," alisema. "Hawa wangeweza kuwaumiza kweli. Ulikosea kumficha mwenzako hatari iliyomhusu, ukaamua peke yako juu ya kitu kisicho chako peke yako."

Minza naye alikisoma. Ndipo akalia, akaniegemea.

Sitakudanganya, mwanangu. Mtoto wa Mama Holo alipona baada ya kutibiwa malaria zahanati, na watu wakarudi kwenye njia yetu. Lakini walirudi kwa sababu ukuta ulikuwa mtupu. Aliyeandika simjui hadi leo, na huenda tunasalimiana. Minza alimaliza shule, sasa anafundisha sanaa chuoni. Amechora mengi. Mama hajamchora tena.

Kila kiangazi udongo wa ukuta ule hupasuka. Mwaka huu kipande kimedondoka, na wekundu kidogo unaonekana, kama jicho linalofunguka. Majirani walio wengi siku hizi ni wageni, hawajui kitu. Minza alipokuja likizo aliugusa kwa kidole, akasema, "Dada, kesho tuubandue pamoja, taratibu." Nimekubali. Usiku wa kuamkia leo sikulala vizuri, maana huenda tukakuta udongo mtupu.

Basi neno langu kwako ni hili. Ukikutana na kitu kinachokutisha, iwe picha, nguo, wimbo au mawazo ya mdogo wako, uliza kwanza kimetoka wapi na kimepita njia gani hadi kufika kwako. Ukiona hatari ni ya kweli, mwambie anayehusika, muogope wote wawili, muamue wote wawili. Usichukue udongo mtu akiwa hayupo.

Mungu akupe macho ya kutazama mara ya pili. Akupe ndugu wa kukuuliza na wewe uwe na jibu la kumpa. Na nyuso za waliokupenda zisikupotee, hata zikikujia vipande vipande.