Kiwanda Ambacho Hakuna Aliyewahi Kuumia

Kiwanda kile cha mbao kilikuwa na sifa ya ajabu: tangu kifunguliwe, hakuna mtu aliyewahi kuumia ndani yake. Watu walikuwa wanaumia nyumbani tu. Huyu kabanwa na mlango, yule kateleza bafuni, mwingine eti kajikata akimenya viazi, kidole kizima. Ungedhani nyumba za mji ule zimejengwa kwa misumeno.

Bi Randa aliukuta utaratibu huo alipoajiriwa, binti mwembamba wa kufagia maranda, kabla hajakabidhiwa mashine ya randa iliyompa jina. Enzi hizo ukisema umeumia kazini, bosi anakupa pole na kukuachisha kazi kwa pumzi moja. Kwa hiyo unasema mlango. Wenzako wanaapa ni mlango, kisha kofia inazungushwa mashine kwa mashine, kila mtu anatia alichonacho. Hiyo ndiyo ilikuwa bima. Kofia hiyo ndiyo iliyomtibu Mzee Tatu, fundi wa msumeno mkubwa, aliyebaki na vidole vitatu mkono wa kulia na maneno ya watu kumi.

Baadaye wafanyakazi wa mkoa mzima waligoma, wakajadiliana, wakagoma tena, mpaka mfuko wa fidia ukaanzishwa. Waajiri wanachangia, anayeumia kazini anatibiwa na kulipwa mpaka apone, na kumfukuza ni kosa. Tangazo likabandikwa kantini. Watu wakalisoma wakinywa chai, wakaendelea kuumia nyumbani. Midomo ilishazoea.

Halafu siku moja mkanda wa mashine ukamvuta Bi Randa kiganja. Daktari hakumzungusha: kano zimekatika, afanyiwe upasuaji mapema, la sivyo mkono huo hautashika hata kikombe. Mfuko ungelipia, mradi ithibitike kaumia kazini.

"Umewaambia watu wa mfuko ukweli?" binti yake alimuuliza.

"Nimewaambia. Nilijisikia kama nimeiba kitu."

Wiki iliyofuata dada wa mfuko akaja kiwandani kuhoji mashahidi. Bi Randa alikaa kwenye benchi, mkono umening'inizwa shingoni, roho iko juu.

"Huyu mama aliumia wapi?" dada akauliza.

"Nyumbani," akajibu mwanamke mmoja, mpaka rangi wa kiwanda, haraka kama kaulizwa jina lake.

"Mlango," akaongeza dereva wa foklifti ya kubebea mbao.

"Mlango upi?"

"Wa jikoni," akasema dereva.

"Wa chumbani," akasema mpaka rangi, wakati huohuo.

Dada akashusha kalamu. "Hospitali inasema ni mkanda wa mashine."

"Mlango wake una mkanda," dereva akasema, uso mkavu kabisa.

Siku nyingine Bi Randa angecheka mpaka machozi. Leo hakuweza. Watu hawa wanampenda, na wanammaliza.

"Jamani, nyamazeni kidogo," akasema. "Nawashukuru. Ila mkizidi kunipenda hivi, mkono unakwenda."

"Si tunakulinda, shoga yangu?" mpaka rangi akashangaa.

"Mnanilinda na nani? Yule bosi kastaafu, saa hizi anafuga kuku."

Macho yote yakamgeukia Mzee Tatu, kwa sababu mlango wa kwanza kusingiziwa ulikuwa wake. Akautoa mfukoni ule mkono ambao huwa hauonyeshi kwa wageni.

"Andika, binti yangu. Mama kaumia pale, kwenye randa. Mimi ndiye niliyezima swichi. Na vidole vyangu viwili viliondokea pale, kwenye msumeno. Mke wangu aliuchukia mlango wetu mpaka tukaung'oa."

"Hujamwambia mpaka leo?" Bi Randa akamuuliza.

"Nitaanzia wapi? Tumeshanunua mwingine."

Kicheko kikalipuka, na kikafungua midomo. Dereva akakiri aliusikia mkanda ukipiga kelele tangu asubuhi ile. Mpaka rangi akasema yeye ndiye aliyemfunga jeraha kwa kanga yake, na bado anaidai. Dada akaandika mpaka akaomba waseme mmoja mmoja.

Upasuaji ulifanyika kabla mwezi haujaisha, kwa gharama ya mfuko. Bandeji zilipotolewa, mtaalamu wa mazoezi alimpa Bi Randa sponji lenye maji, akamwambia ajaribu kulibana, asijilazimishe. Vidole vilitetemeka, vikakunjika nusu. Tone moja likaanguka sakafuni.

"Inatosha kwa leo, mama," mtaalamu akasema.

Bi Randa akajifanya hakusikia, akabana tena.