Galoni ya Friji ya Gwata

Zena binti Mwishehe alikuwa na mdomo, tusidanganyane. Ndiyo maana duka la ushirika pale Maili Moja walimpa yeye pipa la mafuta ya taa. Mwingine angelainishwa: huyu mjomba, huyu shemeji, huyu kaninunulia soda, kufika adhuhuri pipa limekauka. Zena ukimpa soda anakunywa, halafu anakwambia urudi mwisho wa foleni.

Mwaka wenyewe themanini, vita ya Amini imekwisha juzi, mafuta yamepanda dunia nzima. Redio ilisema hivi, wazee barazani wakasema vile. Zena akasema, "Mimi najua pipa lilikuwa linakuja kila wiki, sasa linakuja likijisikia."

Na likija, watu wanatoka mpaka Dar na madebe yao, foleni inavuka barabara ya Morogoro. Zena akatoa sheria: kaya moja chupa moja, uwe balozi wa nyumba kumi, uwe chizi. Lakini kabla hajampimia mtu wa kwanza, anajaza galoni moja na kuiweka nyuma ya mlango. Hiyo ya Melkiori, mhudumu wa zahanati ya Gwata. Kule kulikuwa na friji inayowaka kwa mafuta ya taa, ndani yake chanjo za watoto. Friji ikizimika, chanjo zimekufa. Zena alimzika mwanawe kwa surua kabla friji ile haijaletwa. Hilo halizungumzi. Anajaza galoni tu.

Ndipo akaja kaka yake, Jumbe. Binti yake Mwanakheri alikuwa mwali, kafungiwa ndani miezi, sasa anachezwa ngoma Jumamosi. Jumbe kaalika ndugu wa Kibaha mpaka wa Msimbu huko Kisarawe, na anataka taa za karabai uwanja mzima, paonekane kama mjini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nipe galoni."

"Chupa yako iko wapi?"

"Zena, usinichezee. Ile nyuma ya mlango siioni?"

"Unaiona. Ina mwenyewe."

"Friji! Unainyima damu yako unainywesha friji?"

"Friji haichezi ngoma, kaka. Ikizimika watakaolia ni watoto wa Gwata, si wewe."

Jumbe akavimba mbele ya watu. "Basi kaa na friji yako. Kwenye ngoma yangu usikanyage!"

"Nisikanyage? Kwani nilikuomba? Toka, unaziba foleni!"

Alimfokea hivyo, lakini akamwaga mafuta mezani, yeye ambaye hajawahi kumwaga tone. Mwanakheri ni yeye aliyemlea, mgongoni mwake. Alipofunga duka alikaa juu ya pipa akiitazama galoni. Angepunguza kidogo, nani angejua? Melkiori akaja akaikuta imejaa mpaka shingoni.

"Dada Zena, macho yamefanya nini?"

"Mafuta yameingia. Chukua, nenda zako."

Jumamosi asubuhi wapiga ngoma wameshafika, mchele unachambuliwa, Jumbe anazunguka na kanzu yake. Ndani kwa mwali, kimya. Akagonga.

"Mke wangu, mbona hamumpambi?"

Mwanahalima akajibu bila kufungua, "Mwali kwenu anafunuliwa na nani?"

"Shangazi yake."

"Yuko wapi?"

Jumbe akakohoa.

"Basi vaa kanga uingie umfunue mwenyewe, tukuone!"

Wanawake mle ndani wakaangua kicheko mpaka wapiga ngoma nao wakacheka. Jumbe akanyakua baiskeli.

Zena alikuwa dukani anafuta meza iliyokuwa safi.

"Shikamoo, kaka." Hata hakuinua kichwa.

"Marahaba. Twende."

"Wapi? Mimi si nimekatazwa kukanyaga?"

"Hutakanyaga. Nitakupakia."

Zena alijikaza asicheke, ikashindikana. "Na karabai zako?"

"Mwali atatoka alasiri," Jumbe akasema akitazama chini. "Jua halina foleni."

"Hayo maneno si yako."

"Ya wifi yako. Panda bwana, unanichelewesha."

Akapanda kwenye keria ya baiskeli, kanga imefungwa kiunoni, akimsimanga kaka yake kila kilima: "Kanyaga, mwenye karabai! Nguvu nazo zimeisha?" Alasiri akamfunua mwali kwa mkono wake. Mwanakheri akatoka kapakwa mafuta ya nazi, kabebwa mabegani, anang'aa kwenye lile jua hata wa Msimbu wakasema hawajaona mwali kama huyo. Zena alipiga vigelegele sauti ikamkauka. Giza lilipoingia watu walikuwa wameshashiba, wameshachoka, nani anauliza karabai?

Pipa lilipokuja tena, Jumbe alikuwepo na chupa yake, kasimama karibu na meza, anajichekesha.

"Shikamoo, kaka," Zena akasema. "Foleni inaanzia kule."

Jumbe akaenda kule. Kijana mmoja mwenye debe alipojaribu kujichomeka mbele, Jumbe ndiye aliyemkwida shati. "We! Hapa kaya moja chupa moja! Unamjua anayepima ni dada wa nani?"