Maji Aliyoyashukuru Shangazi

Harufu ya petroli ya jenereta hunirudisha Iringa bila kuniomba ruhusa. Juzi umeme ulikatika hapa Mbeya, na jirani yangu mwenye duka akawasha mtambo wake ili wateja wamalizie filamu ya kampeni kwenye televisheni. Mgombea alikuwa akipunga mkono, akina mama wakipiga vigelegele. Nikasonya, nikarudi ndani. Mtaniona nina roho mbaya, lakini sinema za uchaguzi nilizijua mapema, na tangu hapo siziheshimu hata chembe.

Nilikuwa na miaka minane. Mwaka uliotangulia tulihamishwa kutoka bondeni, karibu na mto, tukapangwa kwa mistari katika kijiji kipya juu ya kilima, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Kalenga. Tuliahidiwa bomba. Bomba halikuja, na mto haukuhama nasi. Kila alfajiri wanawake na watoto tulishuka na madebe, tukapanda nayo shingo zikiwa zimezama mabegani. Shangazi Skola, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Masika yale mimba yake iliharibikia kwenye mteremko huohuo, debe likiwa kichwani.

Kampeni zilipofika, wanawake wa kijiji walimchagua yeye awasemee. Wagombea walikuja wawili katika gari moja, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile za chama kimoja, mmoja alama yake jembe na mwenzake nyumba. Nyuma yao lilikuja gari la wapiga picha za sinema. Mpiga picha alitupanga watoto mbele, akatuamuru tupige makofi kabla mtu yeyote hajasema neno. Tukapiga, tena kwa bidii. Yule wa nyumba alikuwa mzee mpole aliyekohoa zaidi ya alivyosema. Yule wa jembe alivaa viatu vyeusi ambavyo alivipangusa kwa leso kila baada ya hatua tatu. Wakampa jembe ashike apigwe picha, akalishika kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

"Huyu analima ofisini," bibi mmoja akasema, wala hakunong'ona.

Ulipofika wakati wa maswali Shangazi alisimama, nami nimeshika pindo la kitenge chake. "Kamwene, ndugu mgombea," alianza kwa salamu yetu ya Kihehe. "Mlitutoa mtoni mkasema maji yatatufuata. Sisi tumeshafika, maji bado tunayangoja. Mimi njia ile imeninyima mtoto. Yanakuja lini?" Akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, akingoja jibu.

Yule wa jembe alitabasamu kuelekea kamera, akasema maji yako kwenye mpango. Kisha akatazama saa yake.

Alishinda, bila shaka. Katika nchi ya wakulima, ukipewa alama ya jembe halafu ukashindwa, basi wewe una laana ya ukoo.

Kipupwe kilichofuata lilikuja gari la sinema. Walitundika shuka jeupe kati ya mikaratusi miwili ya shule, wakawasha jenereta, na ile harufu ikatuingia hadi kwenye mablanketi tuliyojifunika. Kwanza walituonyesha namna ya kuchimba choo, jambo ambalo wazee wetu walilijua kabla ya sinema kuzaliwa. Kisha ukaja uchaguzi. Nikajiona mwenyewe shukani, pengo langu la mbele waziwazi, napiga makofi. Nililia kwa furaha. Halafu akatokea Shangazi, mkubwa kuliko nyumba, viganja juu, midomo inacheza. Ila sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamume, nene, iliyoshiba, ya watu wa redio.

"Mama huyu, kwa niaba ya wenzake, anatoa shukrani kwa maji safi ambayo sasa yamefika kijijini."

Yakafuata makofi. Makofi yangu.

Baadhi ya watu wakacheka. Shangazi alikusanya blanketi lake akaenda zake. Sinema nayo ikaendelea na safari, kijiji hadi kijiji, na baada ya hapo hakwenda mnadani kwa amani. Wasiomjua walimwita Mama Asante, wakamwomba kikombe cha maji ya bomba. Wa kijiji jirani walimnunia, wakidai sisi tumeshapata na ndiyo maana zamu yao haifiki.

Jioni moja walikuja wanawake watatu wa kijiji hicho kumsuta. Shangazi hakubishana. Akanivuta mbele yao. "Muulizeni huyu. Alikuwepo, ameshika nguo yangu. Mwanangu, nilisema nini siku ile?"

Mimi nilikuwa nimeisimulia ile sinema shuleni hadi midomo ikachoka. Nilikuwa mtoto wa kwenye shuka, nina jina.

"Ulishukuru, Shangazi," nikasema. "Hata makofi tulikupigia."

Na sikuwa nadanganya, ndilo baya lenyewe. Ndivyo nilivyokuwa nakumbuka.

Hakunipiga. Alfajiri alinishusha mtoni, akajaza debe langu hadi mdomoni. Siku zote alikuwa akitandaza majani juu ya maji yasimwagike. Safari hii hakuweka hata jani moja. Akanitwika, akasema taratibu, "Haya. Beba maji niliyoyashukuru." Nilipanda kilima chote huku maji ya kipupwe yakinitiririka mgongoni, nikimwona katili.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kupanda kilima chetu. Yule wa jembe na yule mwenye sauti iliyoshiba nawadharau hadi leo, na sioni sababu ya kuwaombea radhi. Lakini wao hawakuwa wamemshika pindo. Walipomsingizia, Shangazi alikuwa bado ana shahidi mmoja. Alimpoteza jioni ile, nilipofungua mdomo wangu wenye pengo.