Siku Tulipoigawa 10,007

Enzi zetu, wazee wenzangu wa kidato cha pili, yaani miaka minne iliyopita tukiwa darasa la tano, namba ilikuwa kitu cha kushika. Ilikuwa na vumbi, na nyingine zilikuwa zimetobolewa na wadudu.

Nakumbuka kikosi cha maji cha shule yetu, upande wa Kitahana. Tulikuwa kumi na watano, kila asubuhi tunashuka bondeni na madumu, tunapanda migongo imelowa. Mwalimu Hiza wa hesabu alikuwa ametoka Tanga, baridi yetu ikamfanya afundishe na koti mpaka saa saba mchana. Siku moja akaandika ubaoni 10,007.

"Hii ni namba tasa," akasema. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Mkiigawa isibaki kitu, kikosi cha maji kinapumzika muhula mzima."

Muhula mzima! Tukamwangukia mpishi, akatuazima maharage ya chakula cha mchana. Tukahesabu 10,007 kwenye turubai, vidole vimekufa ganzi. Mafungu mawili, likabaki moja. Matatu, yakabaki mawili. Saba, yakabaki manne. Ile namba ilikuwa na kiburi kuliko kiranja mkuu.

Ndipo Evelina, mkuu wa kikosi, akasema, "Sisi tuko wangapi? Tugawane kama watu." Mafungu kumi na matano, kila moja maharage 667. Yakabaki mawili. Evelina akayaokota bila hata kufikiri, akamrushia jogoo wa mpishi. Kwetu mavuno yakigawanywa ndivyo inavyokuwa, mama zetu walisema, "Baki ni la kuku, watu wasigombane."

Turubai likabaki na mafungu tu, hakuna baki. Tukashangilia mpaka darasa la kwanza likatoka nje likidhani kengele imelia.

Mwalimu akaja, akahesabu fungu moja moja, akafika 10,005. "Mawili yako wapi?"

"Ya kuku hayo, mwalimu," Evelina akajibu kwa adabu zote. "Hayahesabiwi."

Mwalimu akamtazama jogoo muda mrefu. Kisha akatupanga mstari, akatugawia madumu kumi na saba ya siku ile. Kila mtu moja. Yakabaki mawili.

"Haya mpeni kuku ayajaze," akasema, akarudi ofisini na koti lake.

Evelina alishuka bondeni mara mbili, nami mara mbili, jogoo akitusindikiza mpaka getini.

Siku hizi bomba limefika uwanjani, na hawa watoto wa darasa la tano wakipewa 10,007 wanaiuliza simu ya kaka. Simu inasema haigawanyiki, wanaandika, wanaenda kucheza. Wamepata. Lakini mbona hakuna hata mmoja anayeshangilia?